Shamba la mgongoni: shajara ya kuurudisha udongo, Usambara Mashariki

12 Agosti 2023

Leo tumekabidhiwa shamba. Ni robo tatu ya eka, juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo upepo wa kutoka baharini unakupiga usoni kabla hujamaliza kupanda. Kikundi chetu kina watu 14, wanawake tisa na wanaume watano, wote wakulima wa viungo katika kijiji kimoja cha tarafa ya Amani, wilayani Muheza. Mimi ndiye katibu, ndiyo maana shajara hii iko mikononi mwangu.

Shamba ni la baba yangu mkubwa. Ametupa kwa miaka kumi bila kodi. Nilipomuuliza sharti lake akasema, "Msinichomee. Basi."

Historia ya shamba ametueleza akiwa amekaa juu ya kisiki. Alipokuwa kijana palikuwa msitu mtupu. Bei ya iliki ilipopanda, miaka ya 1970, akafyeka vichaka vyote vya chini, akaacha miti mikubwa itie kivuli, akapanda iliki. Alivuna vizuri, akaezeka nyumba bati. Baadaye mavuno yakaanza kupungua. Akaangusha miti mingine ili jua liingie, akaweka migomba, kisha mahindi, mwisho mihogo. Siku alipong'oa shina la muhogo akakuta mizizi ya ukubwa wa kidole gumba, akaweka jembe begani, akarudi nyumbani. Sasa pamejaa kangaga tupu, na kangaga ikishika mgongo wa mlima hivi, kila mtu huku anajua: udongo umechoka na umechachuka.

Lengo letu nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kuurudisha udongo wa hapa hadi uweze kubeba viungo na miti pamoja, bila mtu kulazimika kwenda kufyeka msitu mpya.

20 Agosti 2023

Tumechimba mashimo mawili, kila moja kina cha mkono hadi kiwikoni. Moja katikati ya shamba, la pili kwenye shamba la jirani linalopakana na msitu, chini ya miti mikubwa ambayo hajaikata. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani hatukuingia na jembe.

Naandika nilichokiona, maana nimekilala nacho usiku kucha.

Chini ya miti, kabla hujafika kwenye udongo, kuna kapeti. Juu majani makavu mazima, chini yake majani yaliyochakaa yanayoshikana kama ngozi, kisha mboji nyeusi yenye unyevu. Ndani ya mboji hiyo vijizizi vyembamba kama uzi wa kushonea vimesukana kiasi kwamba ukivuta ncha moja, pande zima linainuka. Nilimhesabia mwenyekiti wetu: nyungunyungu saba, majongoo mawili, na kiumbe mmoja mdogo mwenye miguu mingi ambaye hakuna aliyemjua jina. Kapeti lote lina unene wa vidole vinne. Chini yake, ghafla, udongo mwekundu.

Kwenye shamba letu kapeti hakuna. Unaanza moja kwa moja na wekundu, mgumu, na mizizi ya kangaga imepita kama waya. Nyungunyungu hakuna hata mmoja.

Kilichonishangaza ni huo wekundu wenyewe. Tuliweka konzi mbili sambamba kwenye gunia: rangi moja, ulaini mmoja ukiufikicha. Bwana shamba alituazima kipimo cha uchachu, na sehemu zote mbili zikasoma chini ya tano, ambayo ni uchachu mkali. Yaani udongo wa msituni na udongo wetu uliochoka ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yote iko kwenye vile vidole vinne vya juu.

Bwana shamba akatufafanulia. Miamba ya milima hii ni ya kale mno, na mvua hapa Amani inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Imeshuka namna hiyo tangu enzi na enzi, ikaosha chumvichumvi zote zinazolisha mimea, ikaacha chuma na aluminiamu. Msitu hauli kutoka kwenye udongo mwekundu. Unajila wenyewe: jani linaanguka, linaoza, na kabla mvua haijaubeba ule utajiri vijizizi vimeshaunyaka na kuurudisha juu kwenye tawi. Hazina iko kwenye majani na magogo, inazunguka. Ukikata miti, umekata mzunguko.

Nimewahi kusikia watu wakisema, "Palipo na msitu pana rutuba, fyeka ulime." Nami nimewahi kuyasema hayo.

3 Septemba 2023

Kumbe hatukuwa wa kwanza kudanganyika. Wajerumani walipofika milima hii miaka ya 1890 waliona msitu mnene, wakapiga hesabu kwamba udongo unaobeba miti mikubwa namna ile lazima utabeba kahawa. Wakafyeka, Derema na kwingineko. Mikahawa ikachipua vizuri mwanzoni, kisha ikadhoofika, na mashamba yale hayakuwalipa. Mwaka 1902 wakaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, pamoja na bustani ya miti kutoka pande zote za dunia, ambayo mabaki yake tunapita katikati yake kila tukienda hospitali.

Zao lililokuja kudumu kwenye vilima hivi ni chai. Chai inavumilia uchachu na aluminiamu ambavyo kahawa na mahindi haviwezi. Ndiyo maana ukisimama shambani kwetu ukatazama bondeni unaona zulia la kijani la chai, na msitu umebaki juu na pembeni.

17 Septemba 2023

Kikao kirefu, na mada ilikuwa makinga maji. Mteremko wetu ni mkali, tusipozuia maji hata majani tutakayotandaza yataishia mtoni. Nilidhani ni jambo la dakika kumi.

Bibi mmoja wa kikundi, aliyeolewa huku kutoka Mlalo, alisimama. Akasema neno "matuta" kwao halitamkwi kwa furaha. Waingereza waliuanza mpango wa Mlalo mwaka 1946, wakaupanua Usambara Magharibi yote mwaka 1950: kila kaya ilime kwa matuta, asiyelima anatozwa faini au anafungwa. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake, kwa kuwa jembe la chakula lilikuwa mikononi mwao. Mama yake alikuwa mmojawapo. Watu walikataa mwaka hadi mwaka, na kufika 1957 mpango ukaachwa. "Siyo kwamba hatukuijua ardhi," akasema. "Tulikataa kuchapwa kwa ajili yake."

Kisha akasema jambo ambalo nimelipigia mstari. Kwa Kisambaa kuna *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na kuna *kubana shi*, kuiharibu. Zamani maneno hayo yalisemwa juu ya wafalme wa ukoo wa Kilindi kule Vuga: mvua ikinyesha na chakula kikipatikana, mfalme ameiponya nchi; njaa ikiingia, ameiharibu. Alisema na sisi tupimwe hivyo hivyo, na mvua, wala si kwa ripoti.

Tukakubaliana: hakuna faini kwenye kikundi hiki. Asiyeweza kuchimba atatandaza majani, asiyeweza kutandaza atapika. Na hatutayaita matuta. Tutasema makinga.

30 Septemba 2023

Kazi ya leo: kutafuta usawa. Tumetengeneza fremu ya A kwa miti miwili ya mkalitusi yenye urefu sawa, mti wa tatu katikati, na kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapigilia kigingi, unazungusha mguu mmoja mbele, unapigilia tena. Watoto wa shule waliotoka masomoni walitusaidia, na wao ndio walioshika haraka kuliko sisi.

Macho yanadanganya sana mlimani. Mstari niliouona mimi ni sawa kabisa ulikuwa unashuka karibu nusu mita kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yangeufuata kama barabara.

Mistari minne imepatikana. Miwili ya juu tutachimba fanya juu, yaani udongo wa mtaro unarushwa upande wa mlimani. Miwili ya chini, penye mteremko mkali, tutachimba fanya chini, kwa sababu kurusha udongo juu pale ni kuwaua akina mama kwa kazi.

22 Oktoba 2023

Makinga yamekamilika manne. Kwenye kingo tumepanda majani ya guatemala, ambayo yatashika udongo na pia kulisha ng'ombe. Tumefyeka kangaga bila kuchoma, tumeilaza chini. Miche ya mgliricidia 160 imeingia ardhini kwa njia ya vipandikizi. Mgliricidia ni wa jamii ya kunde, unaokoteza naitrojeni hewani, na majani yake huoza upesi. Isitoshe, ukikata unachipua tena.

Mvua za vuli zimeanza kwa nguvu. Redio inazungumzia El Niño kila siku.

6 Novemba 2023

Kinga la pili limepasuka.

Usiku mvua ilipiga bila kupumzika. Asubuhi nilikuta pengo la hatua tatu, na chini yake korongo jipya lenye kina cha goti, limepita hadi kinga la tatu na kulijaza tope. Vipandikizi kama 20 vimekwenda.

Chanzo si mvua. Hapo kinga lilipopasuka panapita njia ya mkato ambayo kina mama na watoto wanaitumia kwenda kuchota maji. Tulichimba juu ya njia yao bila kuwauliza. Wao wakaendelea kupita, kwani wapite wapi? Miguu ikakanyaga ukingo, ukashuka kidogo kidogo, na maji yakaona mlango. Kosa ni letu, na zaidi ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika fremu na niliiona njia.

Nilijaza chupa ya lita moja na nusu kutoka kwenye korongo nikaiweka dirishani.

7 Novemba 2023

Maji ya kwenye chupa yametulia. Juu yamebaki rangi ya chai ya maziwa, chini kuna tope la vidole viwili. Nimeyaonyesha kikundi kizima. Vijito vya huku vinaingia mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Dada yangu anaishi Tanga. Tope la shamba la baba mkubwa linakwenda kwenye ndoo yake.

Tumetengeneza ngazi ya mawe pale njiani, na kinga tumelikatisha pande zote mbili kwa mawe. Wapitaji wameshukuru. Mmoja akasema, "Mngetuambia tangu mwanzo, mawe tungewasaidia kubeba."

5 Desemba 2023

Tumesimamisha kazi. Tangu juzi tunasikiliza habari za Hanang. Tarehe 3 alfajiri sehemu ya mlima ilimeguka, tope na mawe yakaishukia Katesh na vijiji vya jirani, na idadi ya waliofariki inaongezeka kila taarifa ya habari. Serikali imesema sehemu yenye miamba laini ilinyonya maji mengi ikashindwa kujibeba. Sitaki kulinganisha korongo letu na msiba ule. Lakini sote tunaishi mteremkoni, na jioni hii kila nyumba imetazama mlima ulio nyuma yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu.

14 Januari 2024

Ubishi kuhusu miti. Nusu ya kikundi wanataka msizi, au mhesi kama wengi wanavyouita: unakua haraka na mbao unatoa. Ni kweli. Lakini msizi si mwenyeji wa Usambara Mashariki. Asili yake ni misitu ya Kongo, Uganda na upande wa Kagera, na ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanayameza huku na kudondosha mbegu kule, na kila msitu ulipopasuliwa kwa kukata magogo msizi ukaingia kwanza. Sasa kuna sehemu za msitu ukiinua macho unaona msizi tu. Chini yake majani huoza haraka mno, kapeti halijengeki kama kule tulikochimba shimo la pili.

Wala simlaumu hondohondo, anapanda anachokula. Hoja yangu ilikuwa kwamba shamba letu liko mita chache kutoka hifadhini, na mbegu hazisomi bikoni za mpaka.

Tumekubaliana kupanda miti ya hapa hapa: mnyasa michache, na msambu. Msambu hauoti popote duniani isipokuwa kwenye milima hii ya Tanzania ya mashariki. Tunda lake ni kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga na mbegu zake zina mafuta yanayoganda. Bibi zetu walipikia, na siku hizi wanunuzi huja kuzitafuta. Huhitaji kuukwea wala kuukata, unasubiri tunda lianguke lenyewe.

Shida yake ni mbili. Mti dume na mti jike ni tofauti, hujui umepanda nini hadi utoe maua. Na mbegu yake inalala ardhini miezi mingi kabla ya kuota, pengine mwaka na zaidi. Tumeweka mbegu 60 kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, chini ya kivuli nyuma ya nyumba ya mwenyekiti.

10 Machi 2024

Tulipanda mistari michache ya mahindi kati ya makinga ili watu wapate chochote mwaka huu. Yamefika magotini na majani yanageuka zambarau kwenye kingo. Bwana shamba amesema ni njaa ya fosforasi. Fosforasi ipo, ila kwenye udongo mchachu hivi chuma na aluminiamu vimeikumbatia, mmea hauipati. Unaweza kumwaga mbolea ya dukani na sehemu kubwa ikakumbatiwa vilevile.

Sasa naelewa kwa nini wazee walichoma. Majivu hupunguza uchachu, fosforasi inaachiwa, na msimu mmoja au miwili mahindi yanasimama kama askari. Haukuwa ujinga, ilikuwa njia ya haraka iliyofanya kazi. Ila majivu ni ile ile hazina ya majani, imetolewa yote siku moja na kuachwa wazi kwa mvua. Baba mkubwa alipotuambia "msinichomee" alikuwa anajua anachosema, alishaila hazina hiyo.

Tumeamua hivi: majivu ya jikoni kila nyumba yaletwe, kikombe kimoja kwa shimo, pamoja na samadi. Chokaa tutanunua pesa ikipatikana.

19 Mei 2024

Kijana mmoja wa kijijini, ambaye si mwanakikundi, ana kipande cha urithi chenye miti mirefu na amepanga kufyeka vichaka vya chini apande iliki. Aliniambia, "Dada, mimi sikati mti hata mmoja. Msitu utabaki." Nikamwomba twende wote tukatazame shamba la iliki la zamani kabla hajaanza.

Kwa mbali ni msitu, kweli. Ukiwa ndani ndipo unapoona. Miti mikubwa imesimama, mizee, mingine imekauka vichwa. Nikamwambia, "Nionyeshe mtoto wa mti." Alitafuta. Hakuna mche wa mnyasa, hakuna wa mtambara, hakuna wa ukubwa wa goti, hakuna wa ukubwa wa mtu. Miaka 30 na ushei kila kilichoota kilifyekwa pamoja na magugu ya iliki. Ni kijiji cha wazee watupu. Mmoja akianguka kwa upepo hakuna wa kushika nafasi, jua linaingia, iliki inaungua, na mwenye shamba anaweka mahindi. Ndivyo shamba la baba mkubwa lilivyofika lilipofika, wala hakuna siku hata moja aliyosema, "Leo nakata msitu."

Tukashuka kijitoni. Kwenye mwamba wenye ukungu wa kijani, penye kivuli na manyunyu, tukakuta lile ua dogo la zambarau ambalo wataalamu walilipa jina la Saintpaulia. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi mdogo, na lilikuwa limejishikiza kwenye ufa usiotosha hata kidole. Mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, likapewa jina lake mwaka 1893, na leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani nzima. Huku kwao linaishi kwenye miamba kama ule, ilimradi kivuli kiwepo. Ukifyeka juu ya mwamba, msimu mmoja tu wa jua unatosha kulimaliza.

Njiani kurudi aliniuliza kuhusu Derema. Anaikumbuka alipokuwa mtoto, jamaa zake walikuwa na iliki humo. Ukanda ule uliunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini, na ili wanyama na mbegu zipite ilibidi wakulima zaidi ya elfu moja watoke na walipwe fidia ya mimea yao. Wengine hadi leo wanaona hawakutendewa haki: shamba la iliki lililomlisha mtu maisha yote likahesabiwa mashina. Sikumbishia. Msitu unastahili njia ya kupita, na mkulima naye anastahili pa kwenda. Nilimwambia tu kwamba kama tungekuwa na shamba la mgongoni lililopona wakati ule, angalau tungekuwa na jibu la kuwapa.

Hajaahidi lolote. Ameomba vipandikizi vya mgliricidia.

11 Agosti 2024

Mwaka mmoja. Tumechimba shimo tena, hatua mbili kutoka lile la kwanza.

Mgliricidia umeshakatwa mara mbili na matawi yake yametandazwa. Kapeti limeanza: majani makavu juu, chini yake weusi mwembamba, kama unene wa shilingi. Nilisugua vidole nikanusa. Harufu ya mvua, ile ile ya msituni, ila hafifu. Nyungunyungu watatu. Mwenyekiti alipiga kigelegele kwa ajili ya nyungunyungu watatu, na sote tukamwitikia.

Uchachu haujasogea kiasi cha kipimo chetu kuuona. Naandika hivyo ili mtu asije akasoma shajara hii akadhani majani yanatibu kila kitu kwa mwaka. Mwekundu wa chini ni ule ule na utabaki ule ule. Tunachojenga ni kile cha juu.

Waliokufa: mdalasini 22 kati ya 40. Tulichelewa kuutoa kwenye viriba, mizizi ikajikunja chini kama springi ya kitanda, na kiangazi cha Februari kikaimaliza. Mikarafuu yote 12 ipo.

24 Novemba 2024

Vuli ya mwaka huu ni ya kawaida. Makinga yote manne yamesimama, ngazi ya mawe haijasogea. Nilijaza chupa tena, pale pale chini ya kinga la nne, wakati mvua inanyesha. Asubuhi tope halikufika nusu ya kidole. Nimeziweka chupa mbili sambamba kwenye ofisi ya kijiji, mtendaji ameruhusu.

Pilipili manga imeanza kupanda kwenye mashina ya mgliricidia. Nikiwa nafunga mche mmoja kwa kamba ya mgomba niliona tawi linanitazama. Kinyonga wa pembe tatu, dume, mkubwa kuliko kiganja, rangi ya jani lenyewe. Jina lake la kisayansi limetokana na Derema. Alikuwa anavuka kutoka mti hadi mti kwa mwendo wake ule wa kuyumba, mkono mbele, anasita, mkono mwingine. Mwaka jana mahali hapo palikuwa na kangaga, asingepata tawi la kushika. Bibi wa Mlalo haoni raha na vinyonga, wengi wetu tumelelewa kuwaogopa. Lakini alisimama pembeni akamwacha apite, na kazi ikasubiri.

9 Februari 2025

Mwenyekiti amenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilidhani kuna msiba. Alisema tu, "Njoo uone."

Kati ya viriba 60 vya msambu tulivyoviweka Januari mwaka jana, na ambavyo watoto wake walishaanza kusema tuvimwage tupande nyanya, vinne vimetoboa. Kichipukizi kimoja kimesimama chekundu, kirefu kama njiti ya kiberiti. Vile vingine vitatu vimeinua udongo tu, unaona ufa. Vilivyobaki tumekubaliana visiguswe hadi mwaka ujao.

Kijana wa iliki alikuja saa nne akaviangalia akiwa amechuchumaa. Akauliza vitachukua muda gani hadi kuzaa. Nikamwambia miaka kumi, kumi na miwili, labda zaidi. Akanyamaza. Kisha akauliza kama kwenye kipande chake msambu unaweza kuota chini ya miti iliyopo, katikati ya iliki, ikiwa ataacha mistari asiyoifyeka. Nikamjibu ndiyo, kivuli kidogo ndicho unachopenda ukiwa mdogo.

Tumepanga Jumamosi twende kwake na fremu ya A. Kabla ya kupigilia vigingi, tutazunguka kwanza kuona njia za watu zinapita wapi.